Mtandao Upi Unashika Kwako? Pima Kabla Hujabadili Laini

Swali hili haliishi kuulizwa: kati ya Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL, nichukue laini gani? Leo anauliza mwanafunzi aliyepangiwa chuo Mbeya, kesho mama anayeuza vitenge kwa WhatsApp, keshokutwa mstaafu anayerudi kwao Kasulu na anataka kuwaona wajukuu kwenye video. Wote wanataka jina moja la kampuni, na wote nawajibu vilevile: jina nitakalokupa linaweza kuwa kweli hapa nilipo na lisiwe kweli chumbani kwako.

Sikwepi swali. Mtandao wa simu hauna nguvu moja nchi nzima. Unachokipata kinatoka kwenye mnara fulani, kwa masafa fulani, unaogawanywa na watu kadhaa kwa saa fulani. Ukihama kutoka Sinza kwenda Kibamba umehamia kwenye minara mingine kabisa, ingawa laini ni ileile. Kwa hiyo hutakuta hapa orodha ya nani wa kwanza na nani wa mwisho. Utakuta namna ya kupima mwenyewe, kwa gharama ya bando dogo na uvumilivu wa siku chache.

Anza na mahali, kampuni baadaye

Chukua karatasi uandike mahali unapotumia simu kwelikweli. Pasizidi patano. Kwa watu wengi orodha huwa hivi:

- chumba unacholala, mlango ukiwa umefungwa;
- mahali pa kazi, iwe duka, ofisi, shamba au kijiwe;
- njia unayopita kila siku, kama kazi yako ni ya barabarani;
- kwa wazazi au kijijini, unakokwenda sikukuu na misibani.

Kisha weka alama mahali pamoja ambapo mtandao ukikata unapoteza fedha au unakwama vibaya. Mtandao ukishindwa hapo, ufute kwenye orodha hata kama kwingine kote unasifiwa. Dereva wa teksi ya mtandaoni asiyepata maombi ya abiria akiwa eneo lake la kazi hafaidiki na chochote kwa kuwa nyumbani YouTube inafunguka haraka.

Andika na saa. "Nyumbani, saa 3 usiku" na "nyumbani, saa 5 asubuhi" ni vipimo viwili tofauti, na utaona sababu hapa chini.

Asilimia, ramani na mnara unaouona

Kampuni ikitangaza kwamba imefikia asilimia kubwa ya Watanzania, imehesabu watu, haikuhesabu ardhi. Sensa ya 2022 ilikuta watu milioni 61.7, na wengi wao wako mijini, kandokando ya barabara kuu na kwenye vijiji vikubwa. Nchi yenyewe ina zaidi ya kilomita za mraba 900,000, mapori na hifadhi zikiwemo. Kampuni inaweza kuwafikia watu tisa katika kila kumi na bado ikakuacha bila mtandao kwa muda mrefu ukiwa safarini kwenda Mpanda. Uliza pia asilimia hiyo ni ya nini: 2G ya kupiga simu tu, au 4G ya intaneti? Vijijini tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Huko vijijini kuna jambo ambalo wengi wa mjini hawalijui. Minara mingi hujengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, kwa sababu kibiashara hailipi. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za mikoa 26, na kazi hiyo iligawanywa kwa kampuni mbalimbali, kata kwa kata. Kwa hiyo kata hii inaweza kuwa na mnara wa kampuni moja na kata ya jirani ukawa wa nyingine, na wakazi wake wakabishana milele kuhusu mtandao bora huku kila upande ukisema kweli.

Ukitaka kumnunulia bibi laini, basi, usiulize mjini. Mpigie mwalimu wa shule ya pale kijijini au wakala wa pesa aliye karibu na nyumba yake, umwulize hivi: huko watu wanaingia WhatsApp kwa laini gani, na jioni inakuwaje? Wakala anaishi kwa mtandao. Neno lake nalithamini kuliko bango lolote.

Mnara unaouona kwa dirisha nao unadanganya kwa njia mbili. Kwanza, minara mingi nchini inamilikiwa na kampuni za minara kama Helios Towers, ambazo hukodisha nafasi kwa kampuni za simu. Mnara mmoja unaweza kubeba mitambo ya kampuni tatu au ya moja tu, na ya kwako isiwemo. Pili, mawimbi hayapindi mlima. Desemba 2022 TTCL ilifikisha intaneti hadi kilele cha Uhuru cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895 juu, na ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini mtu wa Lushoto aliye upande wa pili wa kilima anajua kwamba mnara ulio kilomita mbili tu unaweza usimfae kitu.

Ramani zinasaidia, ukijua kila moja imetoka wapi:

- Ramani ya kampuni imekokotolewa kwa kompyuta, mara nyingi kwa mtu aliyesimama nje, uwanjani. Haijui kuta zako.
- nPerf huonyesha vipimo vya watumiaji halisi. Pale penye vipimo vingi iamini kiasi. Penye nukta mbili tatu iache.
- CellMapper huonyesha minara iliyogunduliwa na simu za watu. Ni nzuri kwa kujua mnara wa kampuni fulani uko upande gani wa nyumba.
- Takwimu za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zinakupa picha ya nchi, kama vile kila kampuni ina laini ngapi. Chumba chako hazikijui.

Zitumie kupunguza kampuni tano zibaki mbili au tatu. Zaidi ya hapo ni kupima.

Mistari ya mtandao haitoshi: soma namba

Ile mistari midogo inayopanda juu ya kioo cha simu haina kipimo kimoja. Kila mtengenezaji hujiamulia mistari minne iwe na maana gani, kwa hiyo simu mbili zilizolala meza moja, kwa mtandao mmoja, zinaweza kuonyesha mistari tofauti. Namba halisi imefichwa kidogo, lakini kuipata ni rahisi:

- Kwenye simu nyingi za Android fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM, utafute nguvu ya mawimbi.
- Ikikosekana, jaribu kupiga *#*#4636#*#*. Simu nyingi hufungua ukurasa wa vipimo.
- Kwenye iPhone piga *3001#12345#*.

Utaona namba hasi yenye herufi dBm. Inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwa 4G, isome takriban hivi:

- kuanzia −80 hadi −90: safi, tatizo lolote la kasi linatoka kwingine;
- −90 hadi −100: hutalalamika;
- −100 hadi −110: inategemea saa na hali ya hewa ya siku hiyo;
- −110 hadi −120: video itakwamakwama, simu itakata, betri itaisha mapema kwa sababu simu inahangaika kushika mnara;
- chini ya −120: hesabu kwamba huna mtandao.

Kila pengo la 10 ni mara kumi ya nguvu. Sasa zunguka nyumba yako polepole. Simama dirishani usome, kaa kitandani usome, ingia jikoni, toka uani. Tuseme dirishani umepata −92 na kitandani −112. Pengo hilo la 20 maana yake ni kwamba kitandani unapokea sehemu moja ya mia ya nguvu iliyopo dirishani, ndani ya chumba kilekile. Watu wengi wakiliona hili kwa macho yao huacha kubishana kuhusu kampuni na kuanza kuzungumza kuhusu nyumba.

Na nyumba zinatofautiana sana. Bati linazuia mawimbi, zege lenye nondo linazuia, na kuta nene za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, Zanzibar, zinazuia kupita kiasi, hasa chumba kikiwa cha chini kwenye kichochoro. Mawimbi ya masafa ya chini, kama 700 na 800 MHz, hupenya kuta na kwenda mbali. Ya 1800, 2300 na 2600 MHz hubeba data nyingi lakini huchoka upesi. Kampuni mbili zinaweza kuwa sawa uani na moja ikafa kabisa ukifunga mlango. Ndiyo maana nimesema upime ndani, mlango umefungwa.

Kupima kasi bila kujidanganya

Mawimbi safi hayakuhakikishii kasi. Mnara ni kama bomba la mtaa: saa nane za usiku maji yanaruka, na alfajiri kila nyumba ikifungua koki unapata matone. Mistari inakuwa imejaa, namba inasoma −85, na picha haifunguki. Hapo tatizo ni msongamano, au njia nyembamba inayounganisha mnara huo na mtandao mkuu. Hili ndilo linalowakera watu wengi kuliko mengine yote, na ndilo wasilolipima.

Fanya hivi:

1. Tumia simu moja kwa laini zote. Mwombe jirani au ndugu mwenye laini ya kampuni nyingine aje kwako, muiweke kwenye simu yako kwa dakika chache, naye akiwepo. Asikuachie laini ukaondoka nayo, na wewe usimwachie mtu ya kwako: laini ndiyo ufunguo wa pesa zake.
2. Zima Wi-Fi na VPN, na usimamishe programu zinazojisasisha zenyewe.
3. Subiri kidogo laini ishike, uhakikishe imeandika 4G. Laini ngeni ikigoma kuingia intaneti, mara nyingi inasubiri mipangilio ya APN ambayo kampuni hutuma kwa ujumbe.
4. Pima mara tatu mfululizo, uchukue namba ya katikati. Anayechukua ya juu kabisa anajipongeza bure.
5. Rudia asubuhi, mchana, na kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Ongeza siku moja ya mwisho wa wiki.
6. Andika namba tatu: kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na muda wa kuchelewa unaohesabiwa kwa milisekunde.

Ukishaandika, linganisha namba za usiku. Hizo ndizo hali halisi ya mnara wako. Kampuni inayokupa Mbps 40 asubuhi na 1 usiku ni mbaya kuliko inayokupa 8 asubuhi na 6 usiku, isipokuwa kama usiku hushiki simu.

Kuna mitego minne hapa.

Mtego wa kwanza ni seva. Programu ya Speedtest hujichagulia seva iliyo karibu, na mara nyingi seva hiyo ipo ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe unayoipima. Matokeo yanapendeza, ila hujatoka nje ya geti. Badilisha seva kwa mkono: pima moja ya Dar es Salaam, kisha moja ya Nairobi au Johannesburg, kisha moja ya Ulaya. Au tumia Fast.com, inayopima kupitia seva za Netflix.

Wa pili ni bando. Kipimo kinakula data kulingana na kasi. Kwa Mbps 40, sekunde 15 za kupakua ni megabiti 600, yaani MB 75, kabla hujaanza kupakia. Ukipima 5G inaweza kufika mamia ya MB kwa kipimo kimoja. Nunua bando la siku kwa ajili ya kazi hii. Na usichanganye: Mbps ni megabiti kwa sekunde, na MB ni megabaiti. Megabaiti moja ina megabiti nane.

Wa tatu ni siku mbaya. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Aliyepima siku zile aliilaumu laini yake kwa kosa lililotokea baharini. Ukiona mitandao yote imelegea kwa pamoja, funga daftari, urudi wiki ijayo.

Wa nne ni umeme. Minara inategemea gridi, na gridi ikikatika inashikiliwa na betri au jenereta. Mingine huvumilia usiku kucha, mingine huzima baada ya muda mfupi. Kama mtaa wenu hukatiwa umeme mara kwa mara, pima tena umeme ukiwa umekatika kwa saa mbili au tatu. Kwangu hiki ni kipimo cha lazima, maana giza likiingia ndipo unapotaka simu kuliko wakati wowote.

Halafu weka programu pembeni ufanye kazi yako ya kila siku. Piga simu ya video ya dakika kumi. Tuma video ya dakika moja kwa WhatsApp. Fungua mfumo wa chuo au wa kazini unaoutumia. Kipimo cha kasi ni mbio fupi ya sekunde chache. Simu ya dakika kumi itakuonyesha kama mtandao unakatakata. Vikipingana, amini simu ya dakika kumi.

Kasi kiasi gani inatosha?

Ndogo kuliko unavyodhani. YouTube hupendekeza takriban Mbps 1.1 kwa picha ya 480p, 2.5 kwa 720p na 5 kwa 1080p. Kwenye kioo cha simu, 480p inatazamika vizuri. Simu ya video ya Zoom ya watu wawili huanzia Mbps 0.6 kila upande. Kwa mtu mmoja mwenye simu moja, Mbps 5 zisizoyumba zinamaliza karibu kila kitu, na kulipia bando ghali ili ufike 60 ni kununua namba ya kutambia.

Watu wawili tu ndio wanahitaji zaidi: anayerushia nyumba nzima hotspoti, na anayepakia. Huyu wa pili anasahaulika. Anayeuza nguo kwa video za Instagram au TikTok, fundi anayetuma picha za kazi, mwanafunzi anayewasilisha faili kubwa dakika za mwisho, wote wanaishi kwa kasi ya kupakia, na matangazo hayaitaji kamwe. Mbps 30 za kupakua zinaweza kukaa pamoja na 0.5 za kupakia. Hiyo ikiwa kazi yako, soma safu ya kupakia kwanza.

Kuhusu kuchelewa: chini ya milisekunde 100 mtaongea bila taabu. Ikipita 300 mtaanza kukatana maneno, hata kama kasi ni kubwa.

Huenda tatizo ni simu

Kabla hujailaumu kampuni, kagua haya:

- Kwenye baadhi ya simu za laini mbili, hasa za zamani, nafasi ya pili inashika 2G au 3G tu. Hamishia laini nafasi ya kwanza upime upya.
- Angalia aina ya mtandao uliochagua. Simu iliyofungiwa kwenye 3G itabaki huko mpaka uibadilishe.
- Simu iliyotengenezwa kwa soko la nje inaweza kukosa baadhi ya masafa ya 4G ya hapa. Wanaonunua simu zilizotumika kutoka Marekani wahakikishe mambo mawili: masafa ya 800 na 700 MHz yamo, na simu haijafungwa kwa kampuni ya huko. Tafuta modeli kamili, herufi kwa herufi. Jina la biashara halitoshi.
- Piga simu huku ukitazama alama ya mtandao. Ikishuka kutoka 4G hadi 3G au chini zaidi, maongezi yako hayapiti kwenye 4G, yaani VoLTE haijawashwa au simu haina. Ndiyo sababu intaneti inazubaa kila ukiongea.
- Kava la chuma au lenye sumaku livue.

Mnaoishi Namanga, Sirari, Holili, Tunduma na mipaka mingine, chagueni mtandao kwa mkono na mzime data ya nje ya nchi. Simu hufuata mawimbi yenye nguvu, haijui mpaka, na salio linaweza kukatwa kwa bei za huko ukiwa umekaa sebuleni kwako.

"Lakini…"

*"Si bora nichukue yenye 5G, yaishe?"* Vodacom ilianza kutoa 5G Septemba 2022 na wengine wakafuata, na katika mnada wa masafa wa Oktoba mwaka huohuo kampuni zilijinunulia masafa zaidi. Lakini 5G nyingi hupita kwenye masafa ya juu, yanayokwenda karibu na kushindwa na kuta. Kama simu yako haina 5G, au inaishika ukiwa barazani tu, usiilipie. 4G isiyo na msongamano itakuhudumia vizuri.

*"Jirani yangu anaisifia sana."* Mwulize anatumia simu gani, chumba kipi, saa ngapi. Akiwa ghorofa ya tatu upande wa mnara na wewe chini upande wa uani, mnaishi kwenye mitandao miwili.

*"Mimi naangalia bando la bei nafuu tu."* Bei ni muhimu, sikatai, na wengi wetu tunahesabu kila mia. Ila gawanya bei kwa MB utakazozitumia kweli. GB nyingi zilizopangwa zitumike usiku wa manane, au zinazokwisha kabla mtandao haujatulia, si rahisi kama zinavyoonekana. Angalia muda wa bando kabla ya ukubwa wake. Nafuu ya kweli ni bando linaloisha kwa sababu umelitumia.

*"Kupima kote huku ni kazi."* Ni siku tatu nne. Laini mbaya utakaa nayo miaka.

Pesa laini moja, data laini nyingine

Huna lazima ya kupata kila kitu kwa kampuni moja. Namba ambayo wateja wanakutumia pesa, iliyounganishwa na benki, iache mahali pake kama mawakala wa mtaa wenu wana salio la kutosha la huduma hiyo. Data nunua kwa kampuni iliyoshinda kwenye vipimo vyako. Kwa wafanyabiashara wadogo nadhani huu ndio mpangilio bora, maana mtandao mmoja ukianguka mwingine unakubeba.

Sajili laini mpya kwa jina lako, kwa kitambulisho cha Taifa na alama za vidole zako. Iliyokwisha kusajiliwa, inayouzwa barabarani, usiiguse hata kwa kupima. Ukimaliza piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoitambua, nenda duka la kampuni hiyo ikafutwe.

Ukiamua kuhama na namba yako

Tangu Machi 2017 unaweza kuhamia kampuni nyingine Tanzania bila kubadili namba. Unaanzia kwa kampuni unayoihamia, ukiwa na kitambulisho. Kabla hujaenda:

- Toa au hamisha pesa zote zilizo kwenye akaunti ya simu. Akaunti ile haihami nawe.
- Lipa mikopo ya salio na ya pesa. Deni linaweza kuzuia uhamisho.
- Maliza vocha na bando, havivuki.
- Hifadhi majina ya simu yaliyo kwenye laini, yawe kwenye simu yenyewe.
- Usipange kuhama siku unayosubiri ujumbe wa benki au malipo ya mteja. Namba inaweza kukaa kimya kwa muda.
- Usihame kwa kujaribu. Kuna muda wa kusubiri kabla ya kuruhusiwa kuhama tena.

Kuna tatizo moja ambalo huduma kwa wateja hawalisemi kwa sauti. Watu wamezoea kutambua mtandao kwa tarakimu za mwanzo. Anayeona 0754 atakutumia kwa M-Pesa, hata kama umeshahamia Airtel, na muamala utagoma au kumchanganya. Watangazie wateja wako mapema, ubadilishe na kibao kilichobandikwa mlangoni pa duka. Kama unapokea miamala mingi kwa siku, ninavyoona mimi usihamishe namba hiyo. Ongeza laini ya pili.

Na ukibaki ulipo lakini mtandao unasumbua, piga 100 ukiwa na ushahidi mkononi: mtaa na alama inayojulikana karibu nawe, tarehe na saa za vipimo, namba ya dBm, kasi uliyopata usiku, modeli ya simu, na kama jirani wa mtandao huohuo anapata shida ileile. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko uiandike. Wasipotatua, peleka namba hiyo pamoja na vipimo vyako ofisi ya TCRA ya kanda yako.